Presha ya mimba niliambiwa imeisha, sasa imerudi na mume wangu anataka mtoto wa pili

BARUA

Dada mshauri, shikamoo kama ni mkubwa kwangu, na kama tuko rika moja basi habari za siku nyingi. Naomba jina langu lisitoke, maana hapa nilipo hata dada yangu wa tumbo moja hajui haya ninayokuandikia.

Mi nina miaka 34, niko kwenye ndoa mwaka wa saba, tuna binti mmoja wa miaka 5. Huyu binti alizaliwa njiti, wiki ya 33, kilo moja na nusu na ushee. Mimba yake ilikua haina shida mpaka mwezi wa saba, nikaanza kuvimba miguu, kila ninayemwambia ananijibu ndo ujauzito huo, basi na mimi nikatulia. Siku moja asubuhi pete ya ndoa ikagoma kutoka, nikapaka sabuni, nikapaka mafuta, kidole kikawa kama kimefungwa uzi. Usiku wake kichwa kikaanza kugonga afu nikawa naona vimulimuli, yani kama kuna mtu anawasha na kuzima taa pembeni ya jicho. Tulivofika hospitali presha ilikua 172 kwa 114. Wakachovya kile kikaratasi kwenye mkojo, nesi akakiangalia, akamwangalia mwenzake, wala hakusema kitu. Pete ikakatwa. Nikachomwa sindano ya magnesiamu, ile inayopita mwilini kama umemwagiwa maji ya moto kwa ndani, na kulivyokucha nikafanyiwa oparesheni. Mume wangu alikaa kwenye benchi la korido usiku kucha ameshika viatu vyangu.

Wakasema ni kifafa cha mimba ila wameniwahi kabla sijaanza degedege. Na wakaniambia usijali, ugonjwa wenyewe ni hilo kondo la nyuma, likishatoka na ugonjwa umetoka. Kweli nilimeza dawa kama wiki sita presha ikashuka, nikaruhusiwa, ikawa imeisha hivyo. Hakuna aliyeniambia nirudi kupima chochote.

Sasa miezi minne iliyopita walikuja watu kazini kutupima afya, yangu ikasoma 146 kwa 92. Nikajua ni kwa sababu nilipanda ngazi mbio. Wiki iliyofuata duka la dawa 143 kwa 91. Nyingine tena 151 kwa 94. Siumwi kichwa, sisikii chochote, niko sawa kabisa. Ila niliingia intaneti usiku nikasoma kwamba waliowahi kupata kifafa cha mimba wanakuja kufa kwa moyo na kiharusi, tangu siku hiyo silali vizuri. Mama yangu mzazi alikufa kwa kiharusi ana miaka 52, alianguka anaosha vyombo. Na mama mdogo alishawahi kunidokeza kwamba mama naye alidegedeka alivyokua anajifungua mdogo wetu wa mwisho, ila ni habari isiyoongelewa.

Mume wangu tangu mwaka jana anataka mtoto wa pili. Mama mkwe ndo usiseme, kila akipiga simu lazima aulize, na anasema mbona wenzio wanapata presha na wanazaa watano. Nikakubali tuanze kutafuta. Lakini dada, ukweli ni kwamba mi nameza vidonge vya uzazi wa mpango, vile vyeupe 21 na vya kahawia 7, nanunua mwenyewe dukani, naficha kwenye mfuko wa koti la zamani. Nameza tangu mwaka jana. Kila mwezi nikiingia siku zangu namwambia imeshindikana tena, na ananipa pole. Mwezi uliopita akaniambia labda tatizo ni yeye, ameamua aende akapime. Nilisikia kama nimemwibia.

Nikimwambia ukweli najua ndoa imekwisha, atasema nimemdanganya na kwamba mi ni mgonjwa siwezi kumzalia. Nikiacha vidonge nikashika mimba naogopa nimwache huyu binti yatima kama mimi nilivyoachwa. Nikinyamaza naendelea kumwona mtu anajilaumu kwa kosa langu. Nifanyeje? Na je ni kweli nitakufa kama mama?

Mwenye koti la zamani

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole. Pole ya usiku ule wa pete, na pole ya miaka mitano ambayo hakuna aliyekukalisha chini akakueleza ulipitia nini.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, naona umefunga vitu vitatu kwenye furushi moja: presha yako, mtoto wa pili, na siri ya vidonge. Ukivishika vyote kwa pamoja lazima uone hakuna pa kutokea. Ngoja nivifungue kimoja kimoja, na nianzie na ambacho wewe hukukiuliza kabisa maana hicho hakisubiri, navyo ni vidonge vyenyewe.

Pakiti ya vyeupe 21 na vya kahawia 7, kwa kawaida vile vya kahawia ni madini ya chuma tu, na vyeupe ndo vina homoni mbili, mojawapo estrojeni. Estrojeni kwa baadhi ya wanawake inapandisha presha. Ndiyo maana mwanamke ambaye presha yake inasoma 140 kwa 90 na kuendelea, miongozo ya uzazi wa mpango ya Shirika la Afya Duniani inashauri kwa kawaida asitumie aina hiyo, kwa sababu presha na estrojeni vikikutana vinaongeza hatari ya kiharusi na moyo. Ungevipata kwa mtoa huduma angetakiwa akupime presha kwanza na akuulize mimba yako ilikwendaje. Ulinunua kimyakimya, hakuna aliyekuuliza. Sasa umeona mambo yalivyo? Ulianza kuvimeza mwaka jana, presha imeonekana miezi minne iliyopita. Inawezekana sehemu ya ile 146 inatoka kwenye mfuko wa koti. Inawezekana pia haihusiki hata kidogo, mi siwezi kujua nikiwa huku, ila dokta akijua unavimeza atakusoma tofauti kabisa na asipojua.

Sikuambii uvitupe leo usiku ukalale hivyohivyo, maana ukishika mimba wiki hii na presha haijapangwa ndo utakua umejipeleka kulekule unakokuogopa. Nenda wiki hii, sio mwezi ujao, ukawaambie unameza nini na presha inasoma ngapi. Kuna njia zisizo na estrojeni, kuna kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni hata moja, kuna vijiti. Najua unachowaza, kwamba kitanzi nacho kinafichika. Ndiyo kinafichika. Na kondomu haifichiki, ukiitoa mkobani itabidi uongee. Hilo tutalirudia.

Sasa hii ya kuambiwa ugonjwa umetoka na kondo. Aliyekuambia hakukudanganya, alikuambia nusu. Kifafa cha mimba (na hapa nahesabu hata hatua kama yako, kabla ya degedege) kinaanzia kwenye kondo, halikai vizuri, linamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoudhuru ule utando wa ndani wa mishipa, ndo presha inapanda, figo zinavujisha protini, kile kikaratasi kinabadilika rangi nesi anamwangalia mwenzake. Kondo likitoka ile hatari ya siku zile inaondoka taratibu, siku chache hadi wiki kadhaa. Lakini mishipa ni ileile, moyo ni uleule. Wakati wa mimba damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ilivyokua mwanzo, moyo unasukuma kuliko siku zote za maisha yako, kwa hiyo mimba ni kama mtihani wa mishipa. Wataalamu bado wanabishana kama kifafa cha mimba kinaacha jeraha au kinafichua udhaifu uliokuwepo tangu zamani, na wengi wanaona ni vyote viwili. Kwako wewe ubishi huo haubadilishi kitu, ujumbe ni kwamba mishipa yako ilishakutumia taarifa ukiwa na miaka 29 na hakuna aliyekufungulia bahasha.

Mwaka 2007 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti zenye wanawake zaidi ya milioni 3. Waliowahi kupata tatizo lako walikuja kuwa na presha ya kudumu mara 3 hadi 4 zaidi ya wenzao, na ugonjwa wa moyo au kiharusi karibu mara 2. Mwaka 2011 Chama cha Moyo cha Marekani kikaingiza kifafa cha mimba kwenye orodha ya mambo yanayohesabiwa mwanamke anapopimwa hatari ya moyo. Na kwa waliojifungua mapema kama wewe hatari inakua kubwa zaidi kuliko waliofika miezi yao, hilo sikufichi.

Ila hiyo "mara 2" isomeke vizuri maana ndo imekunyima usingizi. Mara mbili ya kitu kidogo bado ni kidogo. Kwa mwanamke wa miaka 34 uwezekano wa kiharusi mwaka huu ni mdogo sana, hata ukiuzidisha kwa mbili au zaidi haugeuki kuwa hukumu. Wengi waliopitia ulichopitia hawafi kwa moyo. Na ukitazama hizo namba utaona kilichoongezeka zaidi ni presha, na presha ni kitu kinachopimika, kinatibika, na ndicho kinachozaa sehemu kubwa ya viharusi. Mama yako, kwa jinsi ulivyosimulia, kuna mtu alikua anampima presha? Yani baada ya kile mama mdogo alichokudokeza, kuna siku alirudi hospitali akaambiwa mama wewe uliwahi kudegedeka, njoo kila mwaka tukuangalie? Nahisi hapana. Kwa hiyo unaposema utakufa kama mama, nakuuliza tu, mama alikua na hicho ulichonacho wewe sasa hivi, yani habari?

Mfuate mama mdogo tena. Muulize mama alikua na presha, alikua na kisukari, bibi alikufa kwa nini. Dokta atakuuliza hayohayo.

Kingine, umeandika "siumwi kichwa, niko sawa kabisa". Presha haiumi mdogo wangu. Ile ya ujauzito ilikupigia kelele kwa sababu ilipanda ghafla, hii ya taratibu inakaa miaka bila kusema neno. Vipimo vitatu siku tatu tofauti sehemu mbili tofauti, vyote juu ya 140, ngazi haziwezi kulaumiwa tena. Lakini pia sio vipimo vya kumpa mtu jina la mgonjwa moja kwa moja, kwa hiyo ukiweza kupata mashine ya presha ya kufunga mkononi, juu ya kiwiko, jipime nyumbani wiki nzima, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono usawa wa moyo, na usiongee (wengi tunapima huku tunajibu simu). Kile kitambaa kiwe saizi ya mkono wako, kikibana sana kinasoma juu. Siku ya kwanza usiihesabu. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 tayari ni presha ya juu. Namba zote ziandike kwenye karatasi, na hiyo ndo uende nayo, hata kama wiki haijaisha. Mashine ikikosekana usiisubiri, nenda hivyohivyo wakupime wao, tena wiki hiihii niliyokuambia kwa ajili ya vidonge. Waombe pia wakuangalie figo, mkojo, sukari na mafuta kwenye damu. Na kama siku yoyote kifua kinabana, uso unapinda, mkono mmoja unakosa nguvu, maneno yanagoma, au kichwa kinapasuka na vimulimuli vimerudi, hapo hakuna karatasi wala wiki nzima, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mtoto wa pili sasa. Umeniandikia kama njia ni mbili, kuzaa na kufa au kukataa na kuachwa. Mi naona zipo nyingine katikati.

Mimba nyingine kwa aliyepitia kifafa cha mimba haikatazwi kwa jumla, inapangwa. Kurudia kunawezekana, na mwongozo wa Uingereza unasema kwa waliojifungua kati ya wiki ya 28 na 34 kama mmoja kati ya watatu hurudia. Wawili hawarudii. Namba hiyo wengine wataiona kubwa sana, wengine wataiona wanaiweza, na hapo hakuna wa kukuamulia, si mimi, si mama mkwe, si wale wenzio wenye watoto watano. Tofauti ya safari hii ni kwamba ungeingia unajulikana. Presha ingepangwa kabla, kwa sababu baadhi ya dawa nzuri tu za presha zinamdhuru mtoto tumboni na inabidi zibadilishwe mapema. Dozi ndogo ya aspirini kila siku ikianzishwa mapema, karibu wiki ya 12, inapunguza uwezekano wa kurudia, ila haiondoi kabisa, na usijianzishie mwenyewe kama ulivyojianzishia vile vidonge. Ungehudhuria mara nyingi zaidi, ungepimwa mkojo, mtoto angetazamwa ukuaji. Na kuna upande mwingine lazima niuseme, kama vipimo vikionyesha figo zimechoka au presha imegoma kushuka, dokta anaweza kukuambia hatari ni kubwa, na hapo mtakua na mazungumzo mengine. Pia inawezekana kila kitu kikawa sawa na wewe bado hutaki. Sijaona popote kwenye barua yako ukiandika kama unamtaka huyo mtoto. Umeandika anavyotaka mume, anavyotaka mama mkwe, unavyoogopa wewe. Ukiiondoa hofu ya kufa pembeni, kinabaki nini? Usinijibu mimi.

Namalizia na mwenye viatu. Umeandika sentensi moja ukaipita haraka, kwamba alikaa benchi usiku kucha ameshika viatu vyako. Mmewahi kuuongelea usiku ule? Maana mwanaume aliyekaa hapo alikua anasubiri kuambiwa amebaki na nani. Huenda anataka mtoto wa pili kwa sababu anazozisema. Huenda pia, na hapa nakisia tu, ni namna yake ya kutaka usiku ule ufutike. Unasema unajua ndoa itakwisha. Unajua, au unaogopa? Ni vitu viwili, na mwenye hofu mara nyingi havitofautishi. Ninachokiona kwenye maneno yako mwenyewe ni mtu ambaye kila mwezi anakupa pole, na badala ya kukunyooshea kidole amejinyooshea yeye. Hilo halinihakikishii kwamba hatakasirika. Atakasirika, pengine sana, na atakua na haki ya kuumia kwa sababu alidanganywa. Lakini kukasirika na kuondoka havifanani.

Kumwambia kuna hatari zake, na kutomwambia kuna zake. Akienda kupima na majibu yakatoka yuko vizuri, swali litageuka kwako, na hapo ukweli utatoka kwa kubanwa badala ya kuutoa mwenyewe. Ukiweka kitanzi cha siri unapata nafuu ya presha lakini siri inaongezeka ghorofa. Wengine wameona nafuu kuanza na presha: ukamwambia nimepimwa mara tatu, naogopa, nataka twende wote, na mbele ya dokta yakatoka yale ya mimba na moyo kwa mdomo wa mtu mwingine, ndipo vidonge ukavisema mkiwa wawili. Wengine hawawezi kuvigawa, wanatoa vyote siku moja. Wengine wanamwandikia barua, na wewe kuandika unajua. Wewe ndo unayemfahamu anasikiliza saa ngapi. Na kama kuna jambo hukuliandika, kama huwa anakupiga au anakutishia, basi yote haya ya kumwambia yaweke kando kwanza uniandikie tena, maana jibu langu lingekua lingine.

Neno moja tu kuhusu "kosa langu". Kuficha vidonge ni uamuzi wako na utauzungumza. Kuvimba, pete, mtoto kutoka wiki ya 33, hivyo hukuvifanya wewe. Hukula kitu kibaya, hukuwaza sana, hukuchelewa kwa uzembe, uliambiwa ndo ujauzito huo ukaamini.

Ile kadi ya kliniki ya mimba ya binti unayo bado? Pamoja na karatasi ya kuruhusiwa hospitali. Vitafute kabla hujaenda, hata kama vimekaa chini ya nguo za mtoto miaka yote hii, maana hapo ndo imeandikwa ile 172 kwa 114, wiki ngapi, dawa gani ulipewa. Kama vimepotea, kaa uandike kwa mkono kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na pete.